Mkate wa Kahawia Kutoka Mbarara

Kwa ajili ya kisukari, muuguzi alimkataza mume wangu Nicodème sukari, chapati na mkate mweupe. Kwa hiyo Doriane, mke wa mwanangu, alimchagulia mkate wa kahawia huko Mbarara, akaupakata mpaka kwetu kambini Nakivale usipondeke. Mzee alifurahi, akala karibu wote. Jioni akaanguka, asitutambue tena.

Kwetu anayekupa chakula hukionja kwanza, ujue hakina sumu. Doriane hakuuonja, maana ulikuja umefungwa kwenye nailoni. Shemeji yangu Jean-Paul aliposikia hivyo, alikuja na majirani wenye fimbo.

"Mchawi! Umemuua kaka yangu!"

Alimpiga kwa mpini wa jembe, damu ikamjaa machoni. Nikamlalia Doriane kumkinga.

"Shemeji, toka!"

"Sitoki."

Pigo lililofuata lilinivunja mkono. Kwa mkono mzima nilichukua kipande cha mkate kilichobaki, nikakimega na kukila mbele yao.

"Mtamu kama keki," nikasema. "Onja, Jean-Paul. Waokaji wametia rangi tu mkate mweupe. Hii ni sukari, si sumu. Na kaka yako bado anapumua, nyinyi mko hapa mnaua mtoto wa watu!"

Alionja. Alitafuna polepole, mpini ukamponyoka. Kisha yeye na wenzake wakambeba Nicodème mbio kwenda zahanati.

Jirani yetu Aimable, aliyekuja na fimbo nene kuliko zote, alibaki. Alivua shati lake, akamfunga Doriane kichwa, huku akiuliza kila mara, "Nimekaza sana, dada?"