Kisiki cha Mteremko wa Kupe

Mesumbe alikuwa amechoka kabla hata ya kuanza kupanda mlima. Kazi yake huko Yaounde ilikuwa kutunza mimea iliyokaushwa: matawi yaliyobanwa magazetini, yakashonwa juu ya karatasi ngumu, kila moja na lebo yake ya kusema limechumwa wapi na nani. Wenzake walistaafu mmoja mmoja, wala hakuletwa mwingine. Sasa mkuu wake alitaka jibu kuhusu mti mmoja wa msituni. Sampuli zake zote zilitoka mteremko huu wetu wa Kupe, na ya mwisho aliichuma mwalimu wa Mesumbe, marehemu Ngole. Je, bado upo, au uandikwe kuwa umetoweka?

Lebo ya Ngole ilimfikisha kwenye shamba la kakao. Mwenye shamba, mjane aitwaye Ejolle, alimsikiliza akiwa ameketi juu ya gunia, magoti yamemvimba. Akamwambia wazi kwamba mti ule aliuangusha yeye na mumewe, maana kivuli chake kilikuwa kinaozesha kakao. Mesumbe hakuwa na nguvu za kumlaumu. Hata yeye alisomeshwa kwa pesa za kakao.

"Ila haufi," Ejolle akasema. "Kila mvua zikija, unachipua. Nafyeka, unachipua. Umenichosha, mwanangu."

Akampeleka. Ubavuni mwa kisiki palikuwa na chipukizi, kimo cha goti. Mesumbe akainama, akapapasa majani kwa chini, penye manyoya ya rangi ya kutu kama yale ya sampuli za kabatini Yaounde. Akautambua, lakini hilo halikutosha. Hapakuwa na ua wala tunda, na kwa majani matupu mkuu wake asingeupa jina kwa uhakika.

Akamwomba mama yule auache ukue. Ejolle akamuuliza kama huko Yaounde watu hula kivuli.

"Mama, nikisema nitakuletea chochote, nitakuwa nakudanganya. Nakuomba tu."

"Mimi na wewe wote tumechoka," Ejolle akasema. "Haya, nitalikwepesha panga. Siku nikisahau, usije kunililia hapa."

Wakala magimbi kwa mchuzi wa mawese. Mesumbe akachuma majani machache, akayabana gazetini, akashuka polepole.

Karatasi yenye majani hayo iliwekwa kabatini, jina la mti likifuatwa na alama ya kuuliza. Mkuu alinung'unika, lakini hakuandika kuwa mti umetoweka. Mesumbe naye amekwisha kustaafu.

Juzi nilipita shambani kwa jirani yangu Ejolle. Chipukizi limempita kimo, na kakao iliyo karibu nalo imeanza kuoza. Ua bado halijatoka. Aliniuliza, likichanua, atakuja nani kulitazama. Akaokota panga lake, akaliacha chipukizi, akaenda kupalilia upande wa pili wa shamba.