Bomba la Ukutani kwa Mama Dobi

Kila asubuhi Mama Dobi alishuka bondeni na ndoo mbili, akapanda nazo mlima, magoti yakimlalamikia njia nzima. Chumba cha nyuma alikuwa amempangisha msichana kutoka nchi ya mbali, aliyekuja kusomea ujasiriamali wa kijamii na maendeleo. Mtaa ulimwita Kiherehere, na jina alilistahili. Wiki ya kwanza tu alijaribu kumsaidia kuku kutaga.

Chuo kilimtaka kila mwanafunzi abuni mradi pale alipopanga, kisha mhadhiri aje kuusahihisha. Kiherehere akachora bomba kwenye ukuta wa uani, la buluu, lenye koki nyekundu, kuonyesha mahali ambapo bomba la kweli lingekaa. Mhadhiri akaingia, kalamu mkononi, akauliza, "Na maji yatatoka wapi?" Bomba la mchoro likaanza kutoa maji.

Mama Dobi akakinga ndoo. Maji ni maji. Mhadhiri aliandika maoni yake, akaaga, na alipovuka kizingiti bomba likakauka kau.

"Mrudishe," alisema Mama Dobi.

"Ameshamaliza, mama."

"Hajanywa chai."

Mhadhiri akarudishwa. Alikunywa chai, akaongezewa, akaonyeshwa picha za harusi za ukoo mzima, huku majirani wakipishana uani na madumu. Jioni hiyo hapakuwa na nguo chafu mtaani. Kiherehere alifurahi mpaka akalia, maana hakuwahi kumwona Mama Dobi ameketi mchana.

Sasa mhadhiri angerudi mara moja tu, kutoa alama za mwisho. Lakini kanuni za chuo zilisema aliyefeli husahihishwa upya kila mwezi, mpaka afaulu. Kiherehere, ambaye tangu chekechea hakuwahi kushika nafasi ya pili, akaamua kufeli.

Siku ilipofika hakuandaa chochote. Alijikuna, akapiga miayo. Mhadhiri alipouliza mradi umemfaa nani, akajibu ukweli mtupu, akiamini huo ndio utakaommaliza.

"Umenifaa mimi, mwalimu. Mama bado anashuka bondeni. Hili bomba linatoa maji ukiwepo wewe tu."

Mhadhiri alikuwa amesimama jirani kabisa na bomba, suruali imelowa mpaka magotini. Aliacha kuandika. Machozi yakamlengalenga.

"Miaka yote nafundisha," alisema, "sijapata mwanafunzi wa kujikosoa namna hii."

"Mwalimu, nimefeli!"

"Na unyenyekevu juu!" Akampa alama zote, akampa mkono, akaondoka mbiombio kabla chai haijachemka. Bomba likakauka. Mama Dobi alilitazama kidogo, akajifunga khanga vizuri, akaenda bondeni.

Siku ya Kiherehere kurudi kwao, mtaa mzima ulimsindikiza kwa vicheko na vigelegele. Mama Dobi alimkumbatia kwa nguvu mpaka mkoba ukamdondoka.

"Nisamehe, mama. Nilijitahidi kufeli."

"Najua, mwanangu. Akili ni kikohozi, haifichiki." Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Ila ukipita chuoni, waambie mwakani waniletee mwingine. Mpole kama wewe, mcheshi kama wewe. Lakini safari hii wanichagulie mzito wa kichwa."