Mkomamanga wa Mama Ndani ya Kasha

Jumamosi, tarehe nane Machi. Kulikucha na mawingu mazito yasiyo na haraka ya kunyesha, upepo haukuwepo, na ardhi bado ilikuwa na ubaridi wa usiku. Nilipofungua dirisha nilimshukuru Mungu kabla hata ya kunawa uso, maana siku kama hiyo ndiyo niliyokuwa nimemwomba. Jua kali lingeikausha mizizi mikononi mwangu.

Mkomamanga wa marehemu mama ulikuwa kwenye kona ya ukuta wa nyuma, na Jumatatu mafundi wangekuja kuchimba msingi wa karakana mahali hapo hapo. Karakana ni ya mdogo wangu. Yeye ni fundi friji, na mtaa mzima unamwita Injinia, cheo alichojipa mwenyewe na hakuna aliyejisumbua kumvua. Nilimwomba aniachie mti niuhamishie kwenye kasha, niulee uje kuwa bonsai, ule mti mdogo wa chunguni tunaofundishwa kuutunza kwenye darasa la jioni.

"Dada, mti wenyewe umenizidi kimo," aliniambia. "Utauingizaje chunguni? Utaukunja?"

"Nitaukata."

"Na ukifa?"

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Vyombo vya mama vimekwisha kugawanywa na nguo zake zimechakaa. Kilichobaki kikiwa hai, alichokipanda kwa mkono wake, ni mti huo tu.

Nilipiga magoti kwenye udongo na kuomba kwa sauti ndogo. Kisha nikachukua msumeno wa mkono. Mimi ni mshonaji. Kukata kitu kizuri ili kipate umbo si jambo geni kwangu, lakini nguo haifi. Niliukata mkomamanga usawa wa goti langu. Wifi yangu, mke wa Injinia, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Wifi, unauhamisha au unauchinja?"

"Njoo ushike hapa, usinihesabie dhambi."

Akaja, akashika. Nilichimba kwa sepetu kuuzunguka mti, mbali na shina, nikikata mizizi minene ya pembeni. Chini kabisa kulikuwa na mzizi mkuu, mnene kama kifundo cha mkono wangu, umekwenda chini moja kwa moja. Huo ndio niliouogopa zaidi. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba mzizi mkuu kazi yake ni kuushikilia mti, na mti unakunywa kwa ile myembamba kama nyuzi. Niliukata. Ile myembamba nikaifunika kwa gunia bichi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Kasha nililipigilia mwenyewe kwa mbao za zamani, nikaacha nafasi kati ya mbao za chini ili maji yapite, nikatandika wavu wa dirisha, kisha changarawe niliyoichekecha pamoja na udongo kidogo. Injinia akatokea na ndoo ya mbolea.

"Tia hii. Mgonjwa hanyimwi chakula."

"Aliyetoka kupasuliwa leo hapelekwi karamuni. Rudisha."

Nilijaza mchanganyiko kati ya mizizi kwa kijiti, taratibu, nisiache uwazi. Nikaufunga mti kwenye kasha kwa waya, kwa maana mti unaotikisika hukatika mizizi mipya kila inapochipua. Nilipomaliza mgongo ulikuwa haunyooki. Kilichokuwa mbele yetu ni kisiki chenye matawi mawili mafupi.

"Hongera," alisema Injinia. "Umepata kuni zenye sanduku lake."

Majani machache yaliyobaki yalidondoka yote. Niliuweka kivulini, nikawa naumwagilia pale tu changarawe ya juu inapokauka, na kila alfajiri nauombea kwa Mungu kama ninavyowaombea watu. Mwalimu alikuwa ametuonyesha kwamba ukikwangua gome kidogo kwa ukucha na kukuta kijani, mti uko hai. Kosa langu ni kuwaambia wenzangu nyumbani. Nilikuta mkwaruzo wa wifi, kisha wa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, aliyekuja kunisalimia. Halafu nikaanza kukuta mingine, kila siku mmoja, na pembeni ya kila mmoja doa la grisi nyeusi.

"Injinia," nilimwambia wakati wa chakula, "kuna mtu anaukagua mti wangu kama kompresa ya friji."

Akainamia sahani yake. "Nilipita tu."

"Pita, lakini kucha ziache mfukoni."

Kisha, asubuhi moja, nikaona nukta nyekundu kwenye gome, ndogo kama vichwa vya pini. Kesho yake zilikuwa machipukizi. Nililia, na sioni haya kuliandika. Nimeingia darasani na mvi kichwani, mwalimu wangu ningeweza kumzaa, na mikono hii imeuhamisha mti wa mama ukiwa mzima. Nilimshukuru Mungu, kisha nikajipongeza kidogo.

Lakini aliyejivuna hasa ni Injinia. Kila mteja aliyeleta friji alipelekwa kwanza kuuona mkomamanga. Jumapili iliyofuata akaja na chungu kifupi cha buluu, kinang'aa, kizuri ajabu, na nyuma yake wifi, mama mdogo na wateja wawili wa friji.

"Dada, uhamishie humu leo waone. Bonsai haikai kwenye sanduku la mbao."

Nilikishika kile chungu. Niliuona mti wa mama ndani yake, watu wakiusifu, na mkono ukaanza kwenda kwenye waya. Nikauzuia. Mizizi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka. Kuing'oa sasa kwa ajili ya sifa ni kuiua.

"Si leo," nilisema.

"Nimekwisha kuwaambia watu. Unaniaibisha."

"Heri uaibike leo kuliko tuuzike kesho."

Mama mdogo akaniangalia. "Basi lini, mwanangu? Na mimi nataka kuuona."

Niliweka chungu juu ya meza, nikaweka kiganja changu kwenye ukingo wa kasha, nikapaza sauti ili hata wageni wanisikie.

"Mama mdogo, wifi, na nyinyi mliokuja, muwe mashahidi wangu, na Mungu ananisikia. Mti huu hautoki kashani mpaka mizizi ijae na shina lifunike jeraha nililolitia, hata ikichukua miaka. Siku hiyo nitautoa kwa mikono yangu, na Injinia ndiye atakayenishikia chungu. Naahidi."