Wapangaji Watatu wa Lebo

Saa mbili kamili asubuhi Mama Lebo alifungua kifuniko cha mashine, akapangusa vumbi kwa pamba yenye spiriti, akatia roli jipya. Roli lilikuja kutoka kwa muuzaji likiwa tayari na fremu nne nyekundu kwenye kila lebo, kila fremu imesimama kwa ncha moja. Kazi yake ilikuwa kutia picha nyeusi ndani ya fremu hizo. Kiwanda kile kidogo kilijaza dawa ya kung'oa rangi kwenye chupa za lita moja, na dawa hiyo ilistahili picha zote nne: mkono unaoliwa na tindikali, samaki aliyekufa kando ya mti mkavu, alama ya mshangao, na mtu mwenye nyota iliyopasuka kifuani. Huyo wa nyota maana yake dawa huingia kwa pumzi ikaharibu ndani.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Mama Lebo aliijua kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Fremu nyekundu haiachwi tupu. Kama haina picha, inazibwa yote kwa wino mweusi, mnunuzi asije akadhani kuna kitu kilisahaulika.

Meneja aliingia na kikombe chake cha chai.

"Mama, kuanzia leo acha alama ya mshangao peke yake. Hizo tatu ziba."

"Na picha zake?"

"Zinatisha wateja. Mtu akiona mwenzake kapasuka kifua, anairudisha chupa rafuni."

"Lakini dawa ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo, sikatai. Ila si lazima tuitangaze."

Akaandika amri kwenye kitabu cha kazi, akatia sahihi, akapuliza chai. Mama Lebo alibonyeza vitufe alivyotakiwa kubonyeza. Lebo zikaanza kutoka, kila moja na fremu moja inayoongea na tatu zilizofungwa midomo.

Picha zilikaa siku mbili mle ndani ya mashine bila pa kwenda. Siku ya tatu zikashuka.

Zilikuwa tatu tu, kwa sababu kila roli lina wapangaji wake watatu, na mashine huwarudiarudia wale wale mpaka roli liishe. Yule wa mkono alikwenda kukaa nyuma ya kiganja cha Kifuniko, mzee anayefunga chupa, ambaye ngozi yake ilikuwa imepasukapasuka miaka miwili sasa. Kifuniko alikuja kumwonyesha Mama Lebo wakati wa chai.

"Shemeji, huyu mgeni wako."

"Si wangu, wa chupa."

"Basi chupa imemtoa nje."

"Anauma?"

"Haumi. Panauma palepale palipokuwa panauma. Sasa angalau pameandikwa."

Samaki na mti wake walikwenda nyuma ya jengo, wakalala juu ya mfuniko wa mtaro unaopeleka maji ya kusuuzia mapipa. Watu waliwaruka wakipita, kwa adabu. Aliyebaki ni mtu wa nyota. Mama Lebo alimtafuta mchana kutwa, akainua maboksi, akachungulia chini ya meza. Akamkuta saa ya kutoka, kwenye gauni la mkamwana wake, ubavuni mwa kifungo cha pili.

Mkamwana huyo alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa lori anayeonekana nyumbani mwisho wa mwezi. Alifanya kazi kwenye meza ya kujazia, ile iliyo karibu kabisa na pipa kubwa, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Kikohozi kilikuwa kimemshika tangu mimba ikiwa changa, wakasema ni vumbi.

"Kumbe si vumbi," alisema mkamwana, akimtazama mtu wa nyota kidevu kikiwa kifuani.

"Kumbe si vumbi, mwanangu," alisema Mama Lebo.

Walilifua gauni kwa sabuni ya mche. Walilitia spiriti. Mkamwana akabadili gauni, mtu wa nyota naye akahamia gauni la pili, mahali palepale. Na asubuhi walipoamka, alikuwa ameshuka kifungo kimoja.

Gauni lilikuwa na vifungo saba. Mama Lebo aliweka kidole kwenye tumbo la mkamwana, akapima. Mpaka cha tano ni kifua na mbavu. Kuanzia cha sita ni mtoto.

Alikwenda kwa Meneja kumwombea mkamwana ahamishiwe kwenye kufunga maboksi. Meneja alisema kwenye maboksi hakuna nafasi mpaka mwezi ujao. Kuhusu picha, alisema yeye hana neno, mradi zisipite mbele ya wateja.

Wakati wa chai wafanyakazi walikaa kwenye benchi nje ya stoo. Mama Lebo alizoea kuwategea vitendawili, na siku hiyo hakuacha, maana wangemwuliza ana nini.

"Kitendawili."

"Tega," walijibu.

"Nyumba ina vyumba vinne, anakaa mpangaji mmoja. Vitatu vimepigwa kufuli, na waliofukuzwa wamelala kwa majirani."

"Lebo yako," alisema Kifuniko. "Na hicho si kitendawili, Shemeji. Hiyo ni taarifa ya kazi."

Wakacheka. Mkamwana alicheka mpaka akakohoa, na mtu wa nyota akatikisika pamoja naye. Alikuwa kifungo cha nne.

Siku alipofika cha tano, alikuja mkaguzi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati. Alipima upana wa fremu, akapima unene wa mstari mwekundu, akahakikisha kwamba wino mweusi umejaa mpaka pembeni. Hakuna fremu iliyoachwa tupu. Akaandika kwamba lebo zinafuata kanuni.

Kisha akaona kiganja cha Kifuniko. Akaomba ruhusa, akaweka rula, akapima.

"Saizi yake ni sahihi," alisema. "Ila haiko kwenye bidhaa. Mimi nakagua bidhaa."

"Na huyu?" Mama Lebo alimwuliza, akimvuta mkamwana mbele kwa mkono.

Mkaguzi alimtazama mtu wa nyota kwa muda. Akampima na yeye, bila kugusa nguo.

"Sahihi pia. Amechapwa vizuri, mama. Kingo safi."

"Anashuka, mwanangu. Kesho atakuwa juu ya mtoto. Sikuombi uandike. Nakuuliza tu, anatafuta nini?"

Mkaguzi alirudisha rula mfukoni. Alikuwa mtu anayependa kuulizwa swali lililo ndani ya kazi yake.

"Picha ya hatari haikai bila fremu," alisema. "Kanuni ndivyo inavyosema, picha na fremu yake. Akiona fremu iliyo wazi ataingia. Lakini fremu iliyo wazi, mama, hairuhusiwi."

Akanawa mikono, akasaini kitabu cha wageni, akaenda zake. Mama Lebo alisimama pale na neno lile la mwisho kama mtu aliyepewa ufunguo akaambiwa asifungue. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutoa lebo yenye fremu tupu, hata ya majaribio. Makosa ya wino alikuwa nayo, ya gundi pia. La fremu tupu, hapana. Na siku hizi tatu zote alikuwa akifua gauni, kumbe ni yeye mwenyewe aliyefunga milango.

Akaingia ndani, akachana lebo moja kutoka mwanzo wa roli, kabla haijafika kwenye wino. Fremu zote nne zilikuwa nyeupe ndani. Akaiweka mfukoni, akatoka hadi kwenye benchi alipokuwa mkamwana.

"Kaa, mwanangu. Pumua taratibu."

Akashika lebo chini ya kifungo cha tano, ncha ya fremu ikimgusa mtu wa nyota miguuni. Kifuniko alisogea kuwakinga jua. Mtu wa nyota alisitasita, kama mtu mlangoni anayetafuta pa kuvulia viatu. Kisha akaingia kwenye fremu ya kwanza, akajinyoosha, akafanana kabisa na vile anavyotakiwa kufanana. Mama Lebo akambandikia plastiki juu.

"Ameingia?" aliuliza mkamwana, macho amefumba.

"Ameingia. Hata hajaaga."

Kifuniko alinyoosha kiganja chake. "Na mimi nafasi ipo, Shemeji?"

Nafasi ilikuwepo. Yule wa mkono aliingia fremu ya pili. Samaki alifuatwa mtaroni na kupewa ya tatu, na mti wake.

Uchungu ulimshika mkamwana kesho yake asubuhi, na adhuhuri mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti. Mama Lebo alimpokea kwa mkunga, akampeleka dirishani penye mwanga, akamvua khanga. Alimtazama kifua na mgongo, makwapa, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, jinsi anavyoangalia lebo ya kwanza ya roli. Akarudia tena tangu mwanzo. Hakuwa na picha yoyote.

"Mama, vipi?" aliuliza mkamwana kutoka kitandani.

"Mweupe ndani kama fremu mpya."

Akakaa kwenye kiti cha mkunga na mtoto mapajani, akacheka peke yake muda mrefu. Mkunga akamwacha acheke, akaenda kuosha vyombo vyake.

Kikohozi cha mkamwana hakikuondoka na picha. Kilipungua alipokuwa nyumbani, basi. Likizo ilipokwisha, kwenye maboksi bado hakukuwa na nafasi. Asubuhi ya kurudi kazini, mamake mkamwana alikuwa tayari amekuja kulea, na Mama Lebo alikuwa na mjukuu begani kwa dakika za mwisho.

"Kitendawili," alimwambia. "Nyumba ina vyumba vinne. Hujui? Haya, nipe mji."

Mtoto akapiga mwayo.

"Asante. Nimekwenda kiwandani, nimekalia kiti cha Meneja kile kinachozunguka, nimekunywa chai yake, nimefungua vyumba vyote vinne, kila mpangaji amelala kwake. Nimerudi, nimekukuta hujambo."

Mkamwana alitoka chumbani amevaa aproni. Mama Lebo alimkabidhi mtoto bibi mwenzake, akatoa mfukoni lebo yenye fremu nne wazi, akaibana kwa pini ndani ya aproni, upande wa kifua.

"Ya wageni," alisema.

"Asante, mama."

Saa mbili kamili Mama Lebo alifungua kifuniko cha mashine, akatia roli jipya. Kwenye kitabu cha kazi amri ilikuwa palepale, na sahihi yake. Akaziba fremu tatu. Kisha akabandika lebo moja isiyo na wino kwenye mwimo wa mlango, akauacha mlango wazi, ili watakaoshuka wajue pa kulala.