Poda Kabla ya Mtihani

Siku ya kwanza ya mtihani wa serikali, barabara ya kutoka Nyamitaba kwenda Kitshanga ilifungwa kwa ajili ya elimu.

Chama kimoja cha Goma kilikuwa kimeandaa mbio za kilomita kumi na tano, za kuwasaidia watoto wasio na uwezo wa kulipia masomo. Tarehe ilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Mgeni wa heshima alikuwa na nafasi siku hiyo tu, na tena, alivyoeleza rais wa chama, Papa Séraphin, siku ya mtihani wanafunzi wanakuwa wamekusanyika tayari, kwa hiyo watu wa kupiga makofi hawatakosekana.

Adelaïde alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alipaswa kuwa amemaliza sekondari miaka mitatu nyuma, lakini mara mbili familia yao ilikimbia vita na kuacha maharage shambani, na mara mbili alirudi kuanza darasa lile lile. Kitshanga hakuwa na ndugu wa kumlaza. Alikuwa amepatana na mwenye pikipiki ampeleke alfajiri, kwa kuwa mlango wa chumba cha mtihani ungefungwa saa moja na nusu. Saa kumi na mbili kasoro walikuta kamba imekatiza barabara. Kando ya kamba alisimama msichana wa chama aitwaye Cindy, na kipaza sauti mkononi.

Pikipiki haikuruhusiwa. Adelaïde akaomba kupanda jeep ya chama. Akaambiwa jeep imebeba viti vya wageni. Akaomba apite kwa miguu.

“Dada, bila namba ya kifuani hauwezi pita,” Cindy akasema. “Barabara iko ya wakimbiaji. Namba iko dola kumi.”

“Miye siko mukimbiaji. Niko naenda kwa mutihani.”

“Sasa si juu ya masomo yenu tunakimbia?” Cindy akamjibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemfariji mgonjwa.

Aliyemwokoa alikuwa mweka hazina wa chama, Papa Sylvain, mwanaume mnene mwenye viatu vipya vya rangi ya chungwa. Kipenga kilipolia alikimbia hatua ishirini hivi, hadi pale aliposimama mpiga picha, kisha akarudi akihema na kufungua mlango wa jeep. Akaivua namba yake.

“Vaa hii, mutoto. Miye nilishamaliza.”

Adelaïde akavua viatu vyake, vile vya pekee vya kuingilia mtihanini, akavifunga kamba na kuvitundika shingoni. Akaondoka na sketi yake ya bluu na namba saba juu ya shati jeupe.

Alijua kukimbia. Kila msimu alishuka mlima wa barabara ile na mzigo wa mihogo kichwani, na leo alikuwa amebeba kalamu mbili tu. Kwenye mteremko wa kwanza aliwapita wakimbiaji wa Goma, ambao walikuwa wakisimama kujipiga picha na ng’ombe. Mahali fulani jeep ilimpita, Papa Sylvain akampungia mkono kutoka katikati ya viti. Kwenye meza ya maji alipewa chupa moja. Hakunywa. Aliogopa kuomba ruhusa ya kutoka katikati ya maswali.

Utepe wa mwisho ulikuwa umefungwa mbele ya lango la shule, shule ile ile ya mtihani, maana pale palikuwa na kivuli cha kuweka viti. Adelaïde aliukata saa moja na dakika kumi na nane. Kipaza sauti kikatangaza kwamba mshindi wa kwanza upande wa wanawake ni Sylvain.

Alitaka kupita moja kwa moja. Papa Séraphin akamshika bega.

“Ungoje kidogo, binti yangu. Mugeni wa heshima iko njiani.”

“Papa, niache nipite. Mutihani iko nyuma yako.”

Lakini wanawake wa chama walikuwa wamekwisha kufungua makopo. Kila mtu anajua kwamba anayefaulu mtihani wa serikali hupakwa poda. Humwagiwa kichwani, usoni, hadi anatembea mtaani mweupe kama unga, na wote wanaelewa. Anayepakwa kabla ya kuandika hata jina lake, hilo halijawahi kuonekana. Papa Séraphin aliona itapendeza kwenye picha. Walimwaga makopo manne. Adelaïde alipoacha kukohoa akainama chini ya mkono wa Papa Séraphin na kukimbia kwa mara ya pili asubuhi ile.

Mlangoni msimamizi, Mama Byukusenge, alitazama kadi, akatazama uso.

“Weye ulishapata matokeo tayari? Basi rudi nyumbani.”

Chumba kizima kilicheka. Mama Byukusenge akasema bila kucheka kwamba hawezi kumwingiza mtu asiyefanana na picha yake, na kwamba zimebaki dakika mbili.

Adelaïde akafungua chupa ya maji. Akanawa palepale kizingitini, uso, kisha shingo, hadi sura ya kwenye kadi ikatokea. Chupa ile ndiyo msaada pekee ambao mbio zile zilimpa mwanafunzi yeyote wa Nyamitaba. Akavaa viatu, akaingia. Poda iliyobaki kwenye nywele ilidondokea karatasi kila alipoinama.

Alifaulu kwa asilimia sitini na moja. Majirani walipokuja na kopo lao alijificha kwenye maharage hadi walipoacha kuimba.

Wiki hiyo hiyo chama kilibandika picha kubwa sokoni: uso mweupe, macho yamefumbwa. Mama yake, Athanasie, ambaye hakujua kusoma, alimuuliza wameandika nini pale chini.

“Wameandika kwamba walikimbia kwa ajili yangu, nikafaulu.”

Mama aliitazama picha kwa muda, akamgeukia na kuitazama miguu ya binti yake, ambayo kucha mbili zilizong’oka kwenye mbio zilikuwa hazijaota bado.

“Na weye,” akauliza, “siku ile walikuwa wamekubeba?”