Barua Isiyo na Mwandiko

Kufuli lilibanwa kwa nje, kama kila asubuhi, na vyerehani vikaanza. Karakana ya Jamleck ilikuwa ghorofa ya juu, nyuma ya River Road, na dirisha lake moja lilikuwa la nondo. Walishona sare za shule. Mlango ulifungwa ili mtu asitoroke na kitambaa.

"Kitendawili!" Wamucii alisema.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!"

"Karakana!" Munyiva alidakia, na kicheko kikapita mashine hadi mashine.

Siku hiyohiyo pasi iliunguza robota la kitambaa. Moshi ukajaa. Waligonga mlango hadi ngumi zikachubuka. Mwenye ufunguo alikuwa ameshuka kunywa chai. Moto waliuzima kwa maji yao ya kunywa. Munyiva, aliyekuwa mja mzito, alibebwa hajitambui. Hospitalini alitoka mikono mitupu.

Wamucii akaapa mlango ule utafunguliwa. Barua ya kalamu aliiogopa, maana yeye ndiye aliyeandika vipimo kwenye vitambaa na Jamleck aliujua mwandiko wake. Jumamosi akaenda kwa Cate, mwenye saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, pale Riruta, aliyewahi kumfungulia anwani ya barua pepe ya kutafutia kazi.

"Hii kweli haina mwandiko?"

"Kompyuta haina mkono, auntie. Nani atajua?"

"Na jina langu usiliweke."

"Sijaweka. Ona mwenyewe, hapa chini ni 'Mfanyakazi' tu."

Aliona. Juu hakutazama. Tangu azaliwe, barua hutiwa sahihi chini.

Cate akabofya, barua ikaenda kwa ofisi ya serikali inayopokea kilio cha wafanyakazi.

Jumatano Jamleck aliingia na karatasi. Hakufoka. Alivaa miwani, akasimama katikati ya vyerehani.

"Kuna afisa rafiki yangu amenitumia kitu. Amebofya tu, ikaja yote." Akasoma: "'Mlango hufungwa kwa nje. Mwenzetu amepoteza mtoto.' Maneno matamu. Aliyeandika ni Mfanyakazi. Reshma, ni wewe Mfanyakazi?"

Reshma, aliyeshona jirani na Wamucii, akatikisa kichwa, macho kwenye sindano.

Kidole cha Jamleck kikapanda hadi juu ya karatasi, kwenye anwani ya barua pepe iliyoituma. "Wamucii Muchiri. Ai, mama! Mpaka jina la baba umeniletea?"

Wamucii aliacha kushona. "Mimi nilitaka mlango tu, mzee."

"Mlango si huo? Kwani huwa unaingilia dirishani?"

Mtu alicheka, kisha akajikohoza.

"Sikufuti kazi," Jamleck alisema. "Nikikufuta utaniandikia tena. Lakini ile saa ya mchana ya kushuka chini mkaote jua, imeisha. Kwa wote. Mshukuruni mama."

Akaibandika karatasi kwa ndani ya mlango, akatoka. Wakasikia kufuli. Wamucii alisogea akaisoma hadi mwisho, pale afisa alipoongeza mstari wake: *Kwa hatua yako. Siri ya mlalamishi ihifadhiwe.*

Asubuhi iliyofuata alikuta Reshma ameivuta mashine yake hadi ukutani, na mwingine amempa mgongo. Kiti cha Munyiva kilikuwa kimerundikiwa kola. Pasi ilishawashwa. Nje, ufunguo ukazunguka.

"Kitendawili," Wamucii alisema.

Vyerehani viliendelea.

"Kitendawili."