Kisima Ambacho Hakikupimwa

Ramani ilipomaliza kujichora kwenye kompyuta, mtakwimu aliinuka kitini. Ofisi yao ya mazingira ilikuwa ikipima visima vya mji kutafuta madini ya risasi. Kuvipima vyote hakukuwezekana, hivyo kazi yake ilikuwa kukadiria vilivyobaki kwa kuangalia visima jirani, maana visima vilivyo karibu hufanana kama ndugu. Kijani ni salama, nyekundu ni sumu. Na wekundu ulikuwa umetanda juu ya mtaa aliohamia mdogo wake, mwenye kisima uani na binti mdogo.

"Bosi, hebu njoo uone," aliita.

Mkuu wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Wastani, aliinamia kioo. "Wastani wa mji uko chini ya kiwango cha hatari. Hapo hatujapima hata kisima kimoja. Hayo ni makadirio tu, mama."

"Wastani haunywi maji, bosi. Watoto ndio wanaokunywa."

"Na tukizua taharuki halafu iwe si kweli?"

Kwamba hesabu zinaweza kukosea, mtakwimu alijua vizuri. Lakini visima vyote vilivyouzunguka mtaa ule vilizidi kuwa vibaya kadiri vilivyoukaribia, na hilo halikuwa kadirio, lilikuwa limepimwa. Alibeba chupa za sampuli, akatoka.

Alimkuta mdogo wake uani, anamshikisha mtoto kikombe.

"Mwaga!"

Mtoto alishtuka, akaangua kilio.

"Dada, umepatwa na nini? Hata hodi?"

"Mwaga hayo maji, nakuomba. Huenda yana risasi."

"Maji meupe hivi? Hayana hata harufu."

"Risasi hainuki wala haionekani."

"Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nimekuja kupima."

Mdogo wake alikitazama kikombe kama aliyeona nyoka ndani yake. "Amekuwa akiyanywa tangu tuhamie," alisema polepole. Mtakwimu alijaribu kujaza chupa, maji yakamwagika miguuni. Mdogo wake akamshikia chupa.

Siku za kusubiri majibu ya maabara, mtakwimu hakula akashiba. Aliomba Mungu awe amekosea. Achekwe, afukuzwe kazi hata, ila awe amekosea.

Na kweli alikuwa amekosea. Kisima kilikuwa kibaya kuliko alivyokadiria.

Bwana Wastani aliyasoma majibu, akayarudia, kisha akavua miwani. "Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Visima nitavifunga mimi mwenyewe." Alikwenda mlango kwa mlango, jasho likimtiririka, akiwasihi watu. Nyuma ya nyumba moja alikuta tanuri la kuyeyushia betri kuukuu za gari, zenye risasi ndani, majivu yake yamefukiwa ardhini.

Damu ya mtoto ilikuwa na risasi. "Mmewahi," daktari aliwaambia, "lakini sitawadanganya: risasi hudhuru ubongo wa mtoto, tutamfuatilia muda mrefu."

Mama na mwana wakahamia kwa mtakwimu. Kila mtoto aliposahau neno au kujikwaa, dada hao wawili walitazamana.

Kipimo kilichofuata kilionyesha risasi imepungua. Haikuwa imekwisha. Walikaa kwenye benchi nje ya hospitali, wakalia bila kujali wapita njia, mtoto katikati yao akiwashangaa.

"Basi, dada," mdogo mtu alisema, akijifuta na upindo wa nguo. "Twende nyumbani. Huyu ana njaa."